Siku Niliyomsahihisha Mama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ugonjwa wangu ni kusahihisha. Nasahihisha mabango ya mama lishe, nasahihisha meseji za mashemeji, na imamu akiteleza katika matangazo ya msiba, mie huku upande wa wanawake nimeshamrekebisha kimoyomoyo. Mume wangu husema iko siku nitamsahihisha hata Izraili. Huwa nacheka. Lakini yupo mtu mmoja niliyemsahihisha mbele za watu, na kila nikiikumbuka siku ile natamani ningezaliwa bubu.

Mama yangu anakaa Bagamoyo, mji mkongwe, katika nyumba ile ile aliyonizalia. Sisi tunakaa Bunju, na kila shule zikifungwa watoto wangu wawili walikuwa wakipelekwa kwa bibi yao. Walikuwa wakirudi na chawa wawili watatu, miguu imepauka, na hadithi. Mama alikuwa na hadithi, si mchezo. Alizipata kwa bibi yake mzaa mama, mwanamke wa Pangani, naye sijui alizipata kwa nani. Ile waliyoipenda zaidi ni ya kobe aliyeposa binti wa sultani. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka minne, alikuwa hapati usingizi mpaka aende na huyo kobe.

Nami nililelewa na kobe huyo huyo. Naikumbuka njia yake yote: mahari anayoyabeba mgongoni, watu wanaomcheka njiani, nyimbo zake, mpaka anapofika kwenye ngazi za jumba la sultani na kusimama. Baada ya ngazi kuna wimbo mrefu, halafu kuna jambo analolifanya yule binti. Ni jambo gani, sijui. Utotoni sikuwahi kufika hapo macho yakiwa wazi. Wimbo ule mrefu ulikuwa unanilaza kila mara, na ukubwani sikuuliza, kwa sababu mama yupo, kuna haraka gani. Watoto wangu wakilala kwake nilikuwa najiambia, wao watafika mwisho, kisha watanisimulia.

Mama alikuwa na sharti moja. Hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana huota mkia, ndivyo alivyoambiwa na bibi yake, na ndivyo alivyotuambia sisi. Nilipokua nikajua kwamba ilikuwa njia ya watu wazima ya kuwafanya watoto wafagie uwanja kwanza. Nikamwambia. Akanijibu kwamba huenda ni hivyo, lakini yeye hataki kujaribu.

Basi ikafunguliwa ile bustani, kabla ya kuingia Bagamoyo kwa mtu anayetoka Dar. Bustani ya watoto, kila pembe ina hadithi yake. Wamejenga masanamu ya saruji wakayapaka rangi za kumetameta: simba aliyevaa miwani, kunguru mwenye taji, jini aliyekaa ndani ya chungu. Kuna kitreni kinachozunguka, kuna bembea, kuna jumba la upepo la watoto kurukiaruka. Na mbele ya kila sanamu umesimamishwa ubao wenye hadithi yenyewe, imeandikwa kwa herufi kubwa. Watoto walizisikia habari hizo kwa wenzao shuleni, nyumbani ikawa hakukaliki. Nikasema twende, na bibi yenu tunampitia. Nia yangu ilikuwa njema, wallahi. Nilitaka mama aone kwamba hadithi za kwao zimejengewa mahali.

Tulimkuta keshavaa, kakaa kibarazani na kapu lake. Alikuwa ameamka alfajiri kupika: vitumbua, samaki wa kukaanga, mihogo ya nazi, na nanasi la Kiwangwa alilolichagua mwenyewe sokoni kwa kulinusa. Mimi nilikuwa najua kwamba kule hawaruhusu chakula kutoka nje. Nilikwisha kulisoma sharti hilo. Sikumwambia, maana sikutaka maneno asubuhi asubuhi, nikajidanganya kwamba huenda mlinzi asiangalie.

Mlinzi akaangalia. Kijana mpole tu, akaeleza kwa adabu kwamba chakula kitabaki mlangoni. Mama akanigeukia, akingoja niseme neno, maana mimi ndiye mwenye mdomo katika familia hii. Nikamwambia aache tu, watoto tutawanunulia chipsi ndani. Hakubisha. Akalisukuma kapu chini ya meza ya yule kijana, akamwambia, kula mwanangu, visipoe. Hilo lilikuwa la kwanza, nami nililipita kama sijaliona.

Ndani lakini alifurahi. Siwezi kumsingizia kwamba hakufurahi. Mama humwita mwanangu wa kiume mume wangu, na binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, humwita mke mwenzangu, na siku ile waligombania nani akae na mume kwenye kitreni mpaka mwenye kukiendesha akaingia kati kusuluhisha. Alimshangaa simba wa miwani. Alimuuliza jini kama kodi ya chungu ni nafuu. Nilicheka mpaka ubavu ukauma. Nikifikiri kwamba ile ilikuwa nusu saa tu kabla ya yaliyofuata, roho inaniuma.

Tukafika kwa kobe. Mkubwa kama bajaji, kilemba kichwani, na mgongoni kabebeshwa makasha. Watoto wakamtambua kabla sijausoma ubao. Wakaruka, wakapiga makofi, kobe wa bibi, kobe wa bibi. Mwanangu akamkamata bibi yake mkono akamtaka asimulie hapo hapo. Mama akaonyesha jua kwa kidole. Akamwambia asubiri, magharibi ipite, leo mnalala kwangu. Mtoto akafikiri kidogo, halafu akasema, "Lakini bibi, usiku kobe hatakuwepo. Sasa hivi yupo, anasikia."

Mama akanitazama, akamtazama kobe. Akasema huyu mume atanitoa roho. Halafu akafanya jambo ambalo maisha yangu yote sikupata kumwona akilifanya. Akavuta pembe ya kanga aliyojitanda, akaifunga fundo. Akatueleza kwamba bibi yake alimfundisha: ikikulazimu kusimulia mchana, unaufunga mchana wenyewe kwenye pembe ya kanga, ukimaliza unaufungua, na hapo huoti mkia wala hupatwi na lolote. Mwanamke wa miaka sabini na ushei, alilishika sharti lake tangu utoto, akalifungua kwa ajili ya mtoto wa miaka minne. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu, na bado nikafanya nilichofanya.

Akavua ndara. Mama hasimulii amekaa. Akawauliza watoto kama wapo, wakaitikia wapo, akawauliza kama masikio yapo, wakayashika masikio kumwonyesha. Akaanza. Kulikuwa na spika inapiga muziki karibu na bembea, na sauti yake ikaifunika. Akainama, akanyanyua makalio, akatembea kikobe kuzunguka lile sanamu huku anaimba:

*Kobe, kobe, wapeleka wapi mahari?*
*Napeleka kwa sultani, hata njia iwe mbali.*

Watoto wa watu wakaanza kuja mmoja mmoja. Wakaushika mstari wa pili, wakawa wanamwitikia. Baada ya watoto wakaja wazazi. Na katika wazazi nikamwona mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mwanamke wa ofisini, kavaa vizuri, kashika funguo za gari, amesimama anatazama na kutabasamu.

Nikaona aibu. Nitaisema ilivyo, maana kuificha ndiko kulikonichelewesha kuomba radhi. Nilimwonea aibu mama yangu. Nilimwona peku, baibui limepandishwa mpaka kwenye magoti, mwili ule umeinama mbele za watu, nikajiuliza huyu mzazi anasemaje moyoni: kumbe mwalimu wa Kiswahili wa mwanangu katoka hapa. Nikajifanya nasoma ubao ili nisimtazame. Ndipo nikaona kwamba hadithi ya kwenye ubao ni nyingine. Mwanzo ni ule ule, lakini mwisho wake kobe anafika, anavuliwa gamba, anakuwa kijana mzuri, anaoa, anatawala kwa haki, na chini kabisa: Funzo, tuwe na subira.

Mama naye alikuwa amefika mwisho wa safari. Sultani kaikubali posa, binti kapambwa, kobe kaambiwa apande jumbani. Mama akasimama, akanyanyua uso taratibu kama anatazama juu sana. Akashusha sauti. "Kobe akazitazama zile ngazi. Akasema, mimi nitapanda. Na mama yangu atapandaje?"

Watoto wote wakanyanyua nyuso kumfuata. Hapo hapo yule mzazi akausogelea ubao, akasema, "Mwalimu, mbona hapa wameandika vingine?"

Sikungoja hata nafsi iseme. "Mama, sivyo," nikasema. "Imeandikwa hapa. Sikiliza."

Nikausoma ubao wote. Kwa sauti ya darasani, kidole chini ya kila mstari, koma kwa koma, mpaka kwenye funzo. Nilisoma vizuri sana. Hilo ndilo linalonichoma, nilisoma vizuri.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono ameishika mbele, jinsi anavyosikiliza Kurani. Nilipomaliza akasema, "Kumbe. Kumbe ndivyo ilivyo." Akafungua fundo la kanga, akazitafuta ndara zake. Mwanangu akamvuta akimtaka amalize. Akamwambia imekwisha kusomwa, mama yako keshaisoma. Watoto wa watu wakatawanyika kwenda kwenye bembea.

Saa iliyobaki tuliimaliza ilimradi tu. Alikula chipsi mbili akasema zina chumvi. Alisema amechoka, nikakubali kwa furaha kwamba amechoka. Mlangoni yule mlinzi akamrudishia kapu limeoshwa, akamshukuru mara mbili, na hapo tu ndipo nilipomwona mama akitabasamu. Usiku ule watoto walilala kwake kama tulivyopanga, nami pia. Waliomba hadithi. Akawasomea aya za kinga, akawafunika shuka, akawaambia walale.

Nilijua amekasirika, na hasira za mama nazijua, huwa ni siku tatu. Nikasema zitapita.

Jumatatu yule mzazi akaja shuleni kumleta mwanawe, akanivuta pembeni. Alisema hajapata kuona jambo zuri kama lile, na kwamba watoto wake hawakumwacha apumzike njia nzima. Akaniuliza ikawaje, huyo mama yake kobe alipandaje. Alikuwa hanicheki kumbe. Aliuliza habari ya ubao kwa sababu alitaka kujua, basi, wala hakuwa na lingine. Nikamjibu kwamba nitamuuliza mama. Sikuweza kumwambia kwamba sijui.

Mwisho wa wiki nikaenda Bagamoyo peke yangu na doti ya kanga. Nikapiga magoti, nikamwambia mama nimekukosea, nisamehe. Akanishangaa. Akaniuliza nimekosa nini. Nikaeleza, nikalia, na yeye ananitazama tu kama mtu anayesikiliza habari za nyumba nyingine. Halafu akaanza yeye kuniomba radhi mimi.

Hapo lazima nieleze jambo. Mama hakwenda skuli. Alikwenda chuo cha Kurani, akasoma juzuu mpaka akahitimu, na mpaka leo anasoma Kurani yake kila baada ya alfajiri. Herufi anazozijua ni zile tu, na kwake herufi ni za Mwenyezi Mungu kabla hazijawa za mtu mwingine. Karatasi yenye maandishi hakubali ikanyagwe, hata iwe ya kufungia sukari, hata iwe ya kizungu. Ataiokota, ataipangusa, ataipandisha kwenye kizingiti cha dirisha, maana hajui ndani limeandikwa jina gani. Tulikuwa tunamtania kwa hilo. Dirisha lake limejaa karatasi za maandazi na vocha za simu.

Sasa akaniambia, taratibu, bila kinyongo hata chembe, kwamba yeye ile hadithi aliipata kwa masikio, na masikio yanakosea. Ile nyingine imeandikwa. Amekaa miaka yote anawapotosha watoto, nami alinipotosha, na hadithi nyingine zote hajui zilizo sawa ni zipi, kwa hiyo ameona aziache. Asije akaulizwa kesho akhera.

Nikamwambia mama, ule ubao kauandika mtu, huenda ni fundi rangi tu, kajitungia. Nikamwambia maandishi yanaweza kuwa uongo. Hilo lilimkera kidogo. Akaniambia nisiseme maneno kama hayo ndani ya nyumba yenye msahafu. Nikamwambia basi mimi ndiye niliyekosea. Akacheka, akanipigapiga goti.

"Ulisoma bila kusita mwanangu," akasema. "Mtu anayekosea hasomi vile."

Kanga alizipokea. Akazikata, akazipinda, anazivaa. Ningemkuta na hasira ningejua pa kuanzia, ningebembeleza, ningetuma wazee. Lakini hakuwa na hasira. Alikuwa ameniamini. Na kila nilichosema baada ya hapo alikiona ni mtoto anayempoza mama yake.

Nilijaribu kuwasimulia watoto mwenyewe. Nilifika kwenye ngazi, mwanangu akaniambia siyo, wewe ulisema siyo. Na hata angeniacha niendelee, baada ya ngazi sina kitu.

Likizo iliyopita tulikwenda tena. Binti yangu sasa ana miaka tisa, anasoma kila kinachosomeka, na watu wananiambia amenichukua mimi mtupu. Asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Mama alikuwa uani amekaa juu ya mbuzi wa kukunia nazi, binti yangu mbele yake kwenye kigoda. Nikasikia mama anamwomba. "Mke mwenzangu, nisimulie ya kobe. Ile ya kweli. Polepole, nipate kuishika."

Jua lilikuwa limeshatoka, na hakusema lolote kuhusu mchana. Binti yangu akanyoosha mgongo akaanza, neno kwa neno, kama nilivyousoma ubao mimi. Alikuwa ameihifadhi yote. Kila mwisho wa sentensi anatulia, na mama anairudia, mkono umeacha kukuna, midomo inafuatisha, vile vile alivyokuwa akikaa nami kunifundisha juzuu amma nilipokuwa mdogo kama huyu.

Nikatoka jikoni. Nikasema, "Mama, yako ndiyo tunayoitaka. Tafadhali."

Akaninyooshea kiganja bila kugeuka. "Usimkatize mtoto," akasema.

Binti yangu akasema kobe akafika kwenye jumba la sultani, akavuliwa gamba. Mama akarudia, kobe akafika kwenye jumba la sultani, akazitazama zile ngazi.

"Siyo, bibi," binti yangu akasema. "Hakuna ngazi. Rudia."

Mama akaomba radhi, akarudia.